Kulinda kompyuta ya nyumbani dhidi ya virusi: flashi, kreki na bando

Nikiletewa laptopu yenye virusi, swali langu la kwanza huwa si antivairasi gani ilikuwemo. Nauliza nani aliipiga Windows, yaani aliyeisakinisha, na flashi ya mwisho kuchomekwa ilitoka wapi. Majibu ya maswali hayo mawili hueleza karibu kila kitu. Kompyuta ya nyumbani huku kwetu mara chache sana huvamiwa na mdukuzi hodari aliyekesha akiitafuta. Programu hasidi huingia kwa mkono wa mwenye kompyuta mwenyewe: flashi iliyotoka steshenari, kreki ya Office (yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli ili itumike bure), au kitufe kilichobofywa kwa haraka. Ndiyo maana watu wananunua antivairasi ya kulipia, mwaka unapita, na bado wanaibiwa kurasa zao za biashara.

Mwongozo huu ni wa kompyuta za Windows, kwa sababu ndizo zilizojaa majumbani. Hakuna hatua hata moja inayokutaka ununue programu. Tenga jioni moja, uwe na bando la kutosha, na fuata kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Jua una Windows ipi

Bonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi, andika winver, kisha Enter. Kidirisha kitakuonyesha toleo lako. Windows 7 iliacha kupewa viraka vya usalama 14 Januari 2020, Windows 8.1 ikafuata 10 Januari 2023, na Windows 10 ikafika ukingoni 14 Oktoba 2025. Toleo likishaachwa, kompyuta inaendelea kuwaka na kufanya kazi kama kawaida, ila tundu jipya likigunduliwa halizibwi tena.

Ubaya wa hilo ulionekana mwaka 2017. Mwezi Machi Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kubwa la Windows. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikaingia kwa kupitia tundu hilohilo, kikafunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kiraka kilikuwa kimeshatoka miezi miwili nyuma. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, au waliokuwa na matoleo yaliyokwisha achwa.

Kama una Windows 11, nenda hatua ya 2. Kama una Windows 10, fungua Settings, kisha Update & Security, kisha Windows Update, uone kama unapewa nafasi ya kupanda kwenda Windows 11 bure. Laptopu nyingi za mtumba hazitapewa nafasi hiyo. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, na Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa mashine za namna hiyo kuna njia mbili za maana. Ya kwanza ni mpango wa ESU, ambao Microsoft iliuweka ili Windows 10 ya nyumbani iendelee kupata viraka vya usalama mpaka 13 Oktoba 2026. Unajiunga palepale kwenye ukurasa wa Windows Update. Ya pili ni kuhamia Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao ni bure, mwepesi kwa mashine za zamani, na unamtosha kabisa mtu anayeandika barua, anayeperuzi intaneti na kutazama video. Kwa mashine ya mzee au ya mwanafunzi, mimi huishauri Mint bila kusita.

Fundi anaweza kukuambia kwamba kuna mbinu ya kulazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyokidhi vigezo. Ipo, ila Microsoft haiahidi kuendelea kuzipa masasisho mashine hizo. Usifanye hivyo kwa kompyuta unayoitegemea kwa kazi.

Hatua ya 2: Ruhusu masasisho, hata kwa bando la simu

Hapa ndipo kompyuta nyingi za kwetu zinapopotezea kinga. Mtu anaunganisha laptopu kwa hotspoti ya simu, Windows inaanza kupakua masasisho kimyakimya, bando la wiki linaisha kwa saa moja. Kwa hasira anatafuta namna ya kuzima masasisho moja kwa moja, na baada ya hapo mashine inakaa miaka miwili bila kiraka.

Usizime. Badala yake, fungua Settings, nenda Network & internet, chagua Wi-Fi, ingia kwenye sifa za mtandao uliounganishwa, kisha washa Metered connection. Windows itajua kwamba unalipia kila megabaiti na itaacha kupakua masasisho mengi yenyewe. Kisha jipangie siku. Kiraka kikuu cha Microsoft hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa hiyo ukichagua wikendi inayofuata, ukaweka bando la usiku kama mtandao wako unalo, au ukaenda na laptopu mahali penye Wi-Fi unayoiamini, unafungua Windows Update, unabofya Check for updates na kuacha imalize. Mara moja kwa mwezi inatosha kwa matumizi ya nyumbani. Brauza pia isasishwe. Chrome, Edge na Firefox zote hujisasisha zenyewe, ila sasisho halianzi kufanya kazi mpaka brauza ifungwe na kufunguliwa upya, na wapo watu wanaoacha vichupo hamsini wazi kwa miezi.

Hatua ya 3: Kagua antivairasi uliyonayo tayari

Windows 10 na 11 zinakuja na Microsoft Defender, na kwa nyumbani inatosha. Tatizo ni kwamba mara nyingi imezimwa bila mwenye kompyuta kujua. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Windows Security, fungua, kisha ingia Virus & threat protection na ubofye Manage settings. Real-time protection, Cloud-delivered protection na Tamper Protection zote ziwe zimewashwa. Hiyo ya tatu inazuia programu nyingine kuizima Defender kwa siri.

Usitoke hapo bado. Shuka chini kabisa mpaka kwenye Exclusions, ubofye Add or remove exclusions. Hii ni orodha ya mahali ambapo Defender imeamriwa isitazame. Kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani orodha hiyo inapaswa kuwa tupu. Ukikuta humo folda usiyoijua, au mbaya zaidi ukakuta diski C yote, mtu au programu ilijifungulia mlango: kreki nyingi hufanya hivyo zinapowekwa, ili zisiguswe tena. Futa kila kilichomo usichokijua kisha fanya Full scan, ambayo inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo iache usiku laptopu ikiwa kwenye chaji.

Ukishamaliza, rudi ukurasa wa mwanzo, ingia App & browser control, halafu Reputation-based protection settings, na uwashe kuzuia programu zisizotakiwa, yaani Potentially unwanted app blocking. Hii inakamata vile vijiprogramu vya matangazo vinavyojipenyeza pamoja na programu nyingine.

Kama laptopu ilinunuliwa ikiwa na antivairasi ya majaribio ambayo muda wake umekwisha, iondoe yote kupitia Settings, Apps. Antivairasi iliyokwisha muda haikulindi, na inaweza kumzuia Defender kushika zamu.

Hatua ya 4: Usiishi kwenye akaunti ya msimamizi

Kompyuta nyingi zina akaunti moja tu, na hiyo ndiyo yenye mamlaka yote. Kirusi kikifunguliwa humo, kinarithi mamlaka hayo. Tengeneza akaunti ya pili kupitia Settings, Accounts, Other users. Kwenye Windows 10 sehemu hiyo inaitwa Family & other users. Ipe akaunti mpya cheo cha Administrator na neno la siri utakalolikumbuka, ingia nayo uhakikishe inafunguka, na ukiwa humohumo ubadilishe akaunti yako ya kila siku iwe Standard User. Usibadili mpangilio huo, maana ukijishusha cheo kabla ya kuhakikisha akaunti ya msimamizi inafunguka unaweza kubaki bila mamlaka yoyote.

Kuanzia hapo kila programu inayotaka kujisakinisha kwenye mfumo itakuomba neno la siri la msimamizi. Ukiona ombi hilo na hukuwa unasakinisha kitu, bofya No. Watoto wape akaunti yao wenyewe, isiyo na mamlaka, maana ndio wanaotafuta pesa za bure za Roblox na mods za GTA, na huko kumejaa uchafu. Ieleweke tu kwamba akaunti ya kawaida haizuii kila kitu: mwizi wa nywila hahitaji mamlaka ya msimamizi kusoma brauza yako. Hatua zinazofuata ni za huyo.

Hatua ya 5: Flashi

Umepeleka flashi steshenari kuprinti CV. Umerudi, umeichomeka, na folda zako zote zipo, majina yaleyale. Tazama vizuri kona ya chini ya kila picha ya folda. Kama kuna kimshale kidogo, na safu ya aina inasema Shortcut, na ukubwa ni kilobaiti moja au mbili, hizo si folda zako. Folda zako zimefichwa, na mahali pake pamewekwa njia za mkato zenye majina hayohayo. Ukibofya, kirusi kinaanza kazi kwanza, halafu kinakufungulia folda halisi ili usishtuke. Pengine utaona dirisha jeusi linawaka na kuzima kufumba na kufumbua. Aina nyingine huonyesha njia ya mkato moja tu yenye jina la flashi yenyewe, na vitu vyako vyote vinakuwa ndani ya folda isiyo na jina. Mbinu hiyo ilitumiwa sana na Andromeda. Polisi wa nchi kadhaa walivunja mtandao wa kirusi hicho Novemba 2017, lakini kiliendelea kuzunguka kwenye flashi miaka mingi baadaye.

Zamani kuchomeka tu kulitosha kuambukizwa, kwa sababu Windows ilikuwa ikiendesha programu ya kwenye flashi yenyewe. Mwaka 2011 Microsoft iliizima tabia hiyo hata kwenye XP na Vista. Ndiyo maana watengeneza virusi walihamia kwenye njia za mkato: sasa wanahitaji ubofye wewe.

Kwa hiyo kabla ya yote, ifanye kompyuta ikuonyeshe ukweli. Fungua File Explorer. Kwenye Windows 11 bofya View, kisha Show, uweke tiki kwenye File name extensions na Hidden items. Kwenye Windows 10 tiki hizo zipo kwenye kichupo cha View. Sasa utaona mkia wa karibu kila jina la faili. Ankara.pdf ni hati. Ankara.pdf.exe ni programu iliyovaa jina la hati. Ujanja huu ni wa zamani: tarehe 4 Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU, kilichotokea Ufilipino, kilienea dunia nzima kwa faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na kwa kuwa Windows ilikuwa inaficha mkia, watu waliona TXT tu wakafungua. Hadi leo Windows inaficha mikia hiyo mpaka uiambie isifiche. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu cha kwanza cha kubadili kwenye kompyuta yoyote mpya. Mikia ya kuiogopa inapotoka kwa mtu ni .exe, .scr, .bat, .cmd, .vbs, .js, .msi na .lnk. Huo wa mwisho ni wa njia za mkato, na Windows haiuonyeshi hata ukiweka tiki, kwa hiyo utambue kwa kile kimshale.

Kila flashi ngeni, na ya kwako iliyotoka kwenye kompyuta nyingine, ichomeke bila kufungua kitu, bofya kulia juu yake na uchague Scan with Microsoft Defender. Ndipo ufungue.

Flashi ikishaambukizwa, mafaili yako mara nyingi bado yamo, hayajafutwa. Hakikisha kwanza kompyuta yenyewe ni safi, la sivyo yatafichwa tena ukiwa unatazama. Angalia flashi imepewa herufi gani. Tuseme ni E. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Command Prompt, ulifungue dirisha hilo la amri, kisha andika hivi na ubonyeze Enter:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Weka herufi ya flashi yako mahali pa E, na kamwe usiweke C. Subiri imalize. Folda zako zitatokea. Nakili nyaraka na picha tu kwenda kwenye kompyuta, acha chochote chenye mikia niliyoitaja hapo juu, kisha fomati flashi.

Ili usifike huko, tenga flashi moja ya bei nafuu iwe ya steshenari peke yake. Isiwe na kitu kingine zaidi ya PDF unayokwenda kuprinti, na ukirudi ifomati kabla ya kuitumia tena. Kutuma kwa barua pepe au WhatsApp kunaepusha flashi kabisa, ila mwombe mhudumu afute CV yako akimaliza, kwa sababu ina namba ya simu, anuani na mara nyingine namba ya kitambulisho. Usifungue barua pepe yako kwenye kompyuta ya steshenari. Usiyoijua kompyuta, usiipe neno lako la siri.

Hatua ya 6: Kreki

Nitasema wazi hapa kwa sababu watu wanaumia. Kati ya njia zote ninazozijua za kuingiza programu hasidi nyumbani, kreki ndiyo inayoleta hasara kubwa zaidi.

Angalia jinsi zinavyogawiwa. Unatafuta Office au Photoshop ya bure, unapakua faili la zip lenye nywila, na nywila imeandikwa pembeni, kwa mfano 1234. Nywila hiyo haikulindi wewe. Imewekwa ili brauza na antivairasi zisiweze kuchungulia ndani ya zip unapoipakua. Ndani kuna faili la maelekezo, na mstari wa kwanza unasema: zima antivairasi kabla ya kusakinisha, hii ni onyo la uongo tu. Pale unapoizima ndipo kazi yote ya hatua ya 3 inapobatilika. Wakati mwingine programu unayoitaka inafanya kazi vizuri kabisa, ndiyo maana watu huapa kwamba kreki yao ni safi. Mwizi hana sababu ya kuiharibu, anachotaka kimeshaondoka.

Anachotaka ni nini? Aina ya kwanza ni wezi wa nywila. Programu hizi hukomba nywila ulizohifadhi kwenye brauza, pamoja na vidakuzi vinavyoifanya Facebook au Gmail ikutambue bila kukuuliza neno la siri kila mara. Mwenye kidakuzi chako anaingia kama wewe, hata kama umeweka uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuombwa namba ya ziada baada ya neno la siri. Hivyo ndivyo kurasa za biashara za Instagram na Facebook zinavyopotea mwenye duka akiwa amelala. Mwezi Mei 2025 Microsoft ilipovunja mtandao wa mwizi mmoja wa aina hii, Lumma, ilisema iliona kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 zilizoambukizwa kati ya 16 Machi na 16 Mei mwaka huo.

Aina ya pili ni virusi vya kudai fidia. STOP, ambacho pia kinaitwa Djvu, kimewalenga watu wa majumbani kwa miaka, na njia yake kuu ni kreki. Picha za harusi, tasnifu, hesabu za duka, kila faili linaongezewa mkia wa ajabu na halifunguki, na kila folda inapata barua ya kudai dola.

Mbadala upo. LibreOffice inafungua na kuhifadhi nyaraka za Word na Excel. Word yenyewe ipo bure ndani ya brauza kwa yeyote mwenye akaunti ya Microsoft. Kufungua zip na rar kuna 7-Zip. Video kuna VLC, picha kuna GIMP, na kuhariri video kuna DaVinci Resolve toleo la bure. Zote zipakue kwenye tovuti za wenyewe; usibofye tangazo la juu kabisa kwenye matokeo ya Google, maana matapeli hununua nafasi hizo.

Kuhusu Windows yenyewe, wengi hawajui kwamba laptopu nyingi zilizotengenezwa kuanzia enzi za Windows 8 zina leseni iliyofungwa ndani ya bodi ya mashine. Ukiweka Windows ya toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, inajihalalisha ikipata intaneti. Kwa hiyo laptopu ya mtumba iliyokuja na Windows 10 Pro halali haihitaji kreki yoyote, na bado mafundi wengi huipachika kwa mazoea. Ukipeleka mashine kupigwa Windows, mwambie fundi kabla hajaanza: nataka Windows kutoka tovuti ya Microsoft, usiweke activator yoyote (programu ya kuihalalisha Windows kwa ujanja), na Office usiweke. Ukirudi nyumbani fungua Settings, System, Activation (kwenye Windows 10 ni Settings, Update & Security, Activation) uone hali. Hata ikikuandikia kwamba haijahalalishwa, Windows hiyo inaendelea kupokea viraka vya usalama; utaona maandishi kwenye kona ya skrini na hutaweza kubadili mandhari. Ukipata pesa, nunua leseni. Ni heri maandishi ya kona kuliko mlango wazi.

Ukiwa na shaka na faili ulilopakua, lipandishe kwenye VirusTotal, tovuti ya Google inayolipima kwa injini zaidi ya sitini za antivairasi kwa mpigo. Nyaraka zako za siri usizipandishe huko, kwa kuwa watafiti wanaolipia huduma hiyo wanaweza kuziona.

Hatua ya 7: Kwenye brauza

Tangu mwaka 2024 kuna utapeli mmoja umeenea sana, na unawakamata hata watu makini. Unafungua tovuti, inakutaka uthibitishe kwamba wewe si roboti, jambo ambalo umelizoea. Lakini safari hii inakupa maelekezo: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukitii, umebandika na kuendesha amri ambayo tovuti iliinakili kwa siri, na amri hiyo inapakua mwizi wa nywila. Hakuna uthibitisho halali wa tovuti unaoweza kukutaka ubonyeze Windows na R. Ukiona hivyo, funga ukurasa. Mfundishe na kila mtu wa nyumbani.

Kidirisha kinachojaza skrini nzima kikipiga kelele kwamba kompyuta yako ina virusi vingi na kukupa namba ya kupiga ni tangazo la kitapeli. Bonyeza Alt na F4, au fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc uifunge brauza. Na kama vijitangazo vya ngono au vya virusi vinachomoza pembeni hata brauza ikiwa imetulia, kuna tovuti uliyoibofyea Allow siku moja. Kwenye Chrome nenda Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications, uziondoe zote usizozijua. Weka pia kizuia matangazo kiitwacho uBlock Origin kwenye Firefox. Kwenye Chrome ni uBlock Origin Lite. Inapunguza matangazo hatari na inakuokolea bando.

Hatua ya 8: Nakala za akiba

Vitu ambavyo huwezi kuvipata tena, yaani picha, vyeti, nyaraka za kazi, viwe mahali pawili zaidi ya kwenye laptopu. Mahali pa kwanza ni diski ya nje unayoichomeka, unanakili, unaichomoa. Kuchomoa ndiyo kinga yenyewe, kwa sababu kirusi cha kudai fidia kinafunga kila diski kinachoiona. Mahali pa pili ni mtandaoni: Google Drive inatoa gigabaiti 15 bure, zinazotosha vyeti na nyaraka za familia nzima hata kama hazitoshi video.

Kwenye Windows Security, ndani ya Virus & threat protection, kuna Manage ransomware protection. Ukiwasha Controlled folder access, programu isiyojulikana haitaweza kubadili mafaili yaliyo kwenye Documents na Pictures. Mara chache itaizuia hata programu halali, na hapo utairuhusu kwa jina.

Hatua ya 9: Kama kirusi kimeshaingia

Kata intaneti kwanza. Chomoa diski na flashi zote. Chukua simu yako, si kompyuta hiyo, ubadilishe neno la siri la barua pepe kabla ya kingine chochote, maana mwenye barua pepe anaweza kufungua vingine vyote. Ukishabadili, tafuta sehemu ya kuondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti na uitumie, kwa sababu vidakuzi vilivyoibwa vinaweza kubaki hai mpaka ufanye hivyo. Endelea na mitandao ya kijamii, benki, na kurasa za biashara. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye kila moja.

Kisha rudi kwenye kompyuta. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, uchague skani ya Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima na kuwaka upya, na itapekua kabla Windows haijaamka, wakati ambapo kirusi hakina pa kujificha. Inachukua kama dakika 15. Ili kuhakikisha tena, pima pia kwa antivairasi ya Malwarebytes ya bure, au Microsoft Safety Scanner, ambayo unaipakua kwenye kompyuta nyingine iliyo safi na inatumika kwa siku 10 tu kabla ya kuhitaji kupakuliwa upya.

Kama ni kirusi cha kudai fidia, usilipe na usifomati kwa pupa. Nenda nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, upandishe sampuli za mafaili yaliyofungwa pamoja na barua ya fidia. Kwa baadhi ya virusi ufunguo upo bure. Kama bado haupo, hifadhi mafaili yaliyofungwa kwenye diski pembeni, kwani funguo hupatikana baadaye wakati mwingine. Ukiibiwa fedha au akaunti, toa taarifa polisi: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya ina yake ya 2018, na namba ya taarifa utakayopewa itasaidia unapoidai akaunti yako.

Kama kilichoingia ni mwizi wa nywila, au kama Exclusions ilikuwa imejaa, mimi siamini kusafisha. Napiga Windows upya. Kwenye kompyuta safi pakua Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft, tumia flashi tupu ya gigabaiti 8 au zaidi, futa sehemu zote za diski wakati wa kusakinisha. Windows ikishawaka, fanya hatua ya 2 mpaka ya 4 kabla ya kuchomeka chochote. Ndipo uchomeke diski ya akiba, uipime na Defender, urudishe nyaraka na picha peke yake. Programu zipakue upya kwa wenyewe, na folda ya zamani iliyoandikwa Setup au Software, ambayo watu huihamisha kutoka mashine hadi mashine kwa miaka, ifute yote.